Beseni Moja, Wanyama Kumi na Mmoja

Mtu aliyenifanya niitwe Chura katika Voi nzima hakuwa adui yangu wa shamba wala wa siasa. Alikuwa mpishi. Jina lake nalijua lakini halitakusaidia, kwa maana hata mkewe alimwita Mpishi, na mgeni akija kumwulizia kwa jina la ubatizo alielekezwa nyumba ya mtu mwingine.

Usiniulize alizaliwa wapi wala wazee wake walishuka mlima gani. Mimi si mtu wa ofisi. Nilisoma mpaka darasa la pili, nikatoka kwa sababu mbuzi hawakuwa na mtu mwingine, na herufi nyingi nilizo nazo nilizipata kwenye magunia. Lakini nina mashine yangu ya unga niliyoijengea ukuta kwa mikono hii, na mashine ya unga ni shule. Mtu akishusha mahindi yake mbele yako, utajua kama ni mchoyo, kama ni mvivu, kama amegombana na mkewe asubuhi hiyo. Nimewaona watu wa Voi namna hiyo miaka mingi. Mpishi peke yake ndiye aliyeniona mimi.

Ningemwacha na vitimbi vyake kama si binti yangu Wakesho. Wakesho alitaka kuolewa na mjukuu wa Mpishi, na kwetu Taita nyumba mbili haziunganishwi wazee wao wakiwa na hasira. Ile hasira inasemekana hushuka juu ya watoto. Basi neno la chura, lililokuwa mzaha wa sokoni, likakaa mlangoni mwa maisha ya mwanangu na kukataa kuondoka. Nitafika huko. Kwanza umwone mtu mwenyewe.

Alikuwa mrefu na mkavu, na alivaa aproni. Simaanishi jikoni. Alivaa aproni nyeupe iliyopigwa pasi akienda sokoni, akienda posta, akienda kuzika. Kanisani aliivua mlangoni, akaikunja mara nne, akaikalia. Aliipata kwa mzungu mmoja wa shamba la katani, upande wa barabara ya Taveta, ambaye alimpikia tangu kabla ya vita mpaka Uhuru ulipokuja na mzungu akafunga masanduku yake. Siku ile wenzake waliomba viti na blanketi. Mpishi aliomba aproni, kisu cha kukatia nyama na picha moja iliyokuwa ikining'inia sebuleni. Watu walimcheka. Viti viliisha kwa mchwa, picha ikakaa.

Mikono yake ndiyo ungeiona kwanza. Vidole virefu, vizito, visivyo na haraka. Kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kilipinda ndani kama ndoano, kwa sababu mlango wa jiko la chuma ulikibana akiwa bado mgeni wa kazi. Alipokuwa akikatakata kitunguu, kile kidole kilisimama pembeni peke yake, kama mtu aliyealikwa na hajapewa kiti.

Alipika karibu kila arusi ya maana kutoka Voi mpaka Mwatate, na hakuonja chakula hata mara moja. Alinusa. Aliinamisha kichwa juu ya sufuria, akafumba macho, akasema, "Bado anafikiri," au, "Sasa amekubali." Nyumbani kwake alikula kimanga kilichopoa, ile mihogo na maharagwe tunayoponda sisi, tena kwa kusimama. Nilimwuliza siku moja, wakati ule tukiwa bado tunasemezana, kwa nini hajipikii kitu kizuri.

"Mpishi mwenyewe namjua," akasema. "Simwamini."

Arusi moja pale chini ya mlima Sagalla pilau yake iliungua. Mtu mwingine angekimbia. Yeye alikwangua ule ukoko mweusi, akaupanga kwenye sahani ya pekee, akaupeleka kwa meza ya wakubwa na kuinama kidogo. Akawaambia kwamba katika nyumba za wazungu wakubwa sehemu ile haipewi kila mtu. Wakubwa wakautafuna na meno yao yakalia. Arusi iliyofuata pilau haikuungua, na chifu alituma mtu jikoni kuuliza ukoko wake uko wapi. Ikabidi Mpishi aunguze sufuria ndogo kwa makusudi.

Ukimtishia kwa cheo alikuwa na jibu moja. "Nimewapikia wakubwa kuliko wewe," alisema kwa upole, "na wote walikwenda choo." Hakupandisha sauti kamwe. Nadhani ndiyo sababu maneno yake hayakufutika. Mtu akikupigia kelele utasahau alichosema, utakumbuka kelele. Mpishi hakukupa kelele ya kukumbuka.

Sasa picha.

Aliitundika ukutani ikitazama mlango, hivi kwamba ukiingia nyumbani kwake ulipokewa nayo kabla hujapokewa na yeye. Ilikuwa picha ya zamani sana, rangi ya chai ya rangi iliyokaa usiku kucha, kioo chake kimepasuka kona moja. Ndani yake walikaa wanyama kumi na mmoja kwenye ubao, wametengenezwa kwa udongo wa vikombe na sahani, ule ambao Waswahili wa pwani wanauita kaure. Nasema wanyama kwa kukosa neno. Palikuwa na ndege mwenye uso wa mtu mwenye upara, anatazama kando kama anayesikiliza maneno ya jirani na kujifanya hasikii. Palikuwa na nguruwe mwenye mabawa ya popo. Mbwa mwenye mapezi. Kobe mwenye sura ya bibi kizee aliyenyimwa ugoro. Sungura aliyesimama kwa miguu ya kuku. Wa nne kutoka kushoto alikuwa chura mnene mwenye meno ya binadamu, amekaa kitako, mikono imekutana juu ya tumbo, anatabasamu kama mwenye nyumba za kupangisha.

Nyuma yao kilitandazwa kitambaa cheupe. Na pembeni kabisa kulia, penye madoa ya unyevu, palikuwa na vitu vinne virefu visivyo na kichwa, vimeshikilia ukingo wa kitambaa, kimoja juu ya kingine, na cha chini kabisa kimejikunja. Hapo watu hawakuelewana. Wengine walisema ni nyoka wachanga. Mke wa mhubiri alisema ni viwavi. Mpishi alipoulizwa alisema, "Hao hawana kazi na wewe," akarudi kwenye chai yake.

Kazi iliyowaleta watu ilikuwa nyingine. Mpishi alikuwa na desturi ya kumwambia mtu yeye ni yupi.

Hukuweza kumwomba. Ulienda kumsalimia tu, Jumapili baada ya kanisa, ukakaa, ukanywa chai, na macho yako yakaenda ukutani yenyewe. Yeye alikutazama taratibu, kama anavyotazama nyama kujua itachukua muda gani. Ikiwa hajaamua alikuambia, "Rudi." Kuna watu walirudi mwaka mzima. Akiamua alitaja hesabu tu: wa pili kutoka kulia, wa saba kutoka kushoto. Ulisimama, ukaenda kwenye picha, ukahesabu kwa kidole, na nyumba nzima ikakungojea ufike.

Mwalimu wa kwaya alikuwa nguruwe mwenye mabawa, na ukimsikia akiimba sauti ya tatu hukuhitaji maelezo. Bibi mmoja wa Kaloleni, muuza tumbako, alipewa kobe akakasirika wiki mbili, halafu akaanza kujitambulisha hivyo mwenyewe. Chifu alikuja na askari wake, akakaa, akavimba, akauliza waziwazi kwa sababu machifu hawana subira.

"Wewe humo pichani," Mpishi akamwambia. "Kwako udongo haukutosha."

Chifu akaenda amefurahi. Ilimchukua mpaka Krismasi kuanza kuwa na shaka.

Mzee wa duka la nguo, mtu wa asili ya Mombasa, mwenye heshima zake na Kiswahili kilichonyooka, alimwendea kumshauri. "Ndugu yangu, picha hii yafaa uiondoe. Malaika hawaingii nyumba yenye masanamu kama haya."

"Watapitia mlango wa jikoni, mzee wangu," Mpishi akasema. "Wageni wangu wote wa maana hupitia huko."

Yule mzee akatikisa kichwa, akanywa chai, akashukuru. Alipofika mlangoni aligeuka. "Lakini yule mwenye upara," akasema, "yule ndege. Si mimi, sivyo?"

"Ni wewe, mzee."

"Nilidhani," akasema, na akaondoka kwa hatua zile zile za heshima.

Watu wengine waliichukua ile picha kwa namna nyingine. Upande wetu mtu akiona kitu kibaya kinatazama mlango, atajua ni fingo, yaani dawa ya kulinda nyumba, na hatauliza. Mwaka mmoja jogoo wa Mpishi aliibiwa. Hakwenda kwa chifu. Alitoa picha nje, akaiegemeza kwenye kizimba cha kuku kuanzia asubuhi mpaka jioni, yeye mwenyewe akakaa kando anamenya viazi. Akiulizwa anafanya nini, alisema, "Wanapunga hewa." Kesho yake jogoo alirudishwa, na kuku jike juu yake. Yule kuku wa ziada Mpishi alimtangaza kanisani siku tatu, mwenyewe hakutokea, akampika. Mhubiri alimkemea kwa kuwatisha watu kwa mambo ya giza. Mpishi akamwambia hakumtisha mtu, alisema wanapunga hewa na walikuwa wanapunga hewa.

Hapo ndipo penye siri ya mtu yule, na mimi mwenye akili zangu zote niliikosa. Hakuwa mwongo. Alikuacha tu udanganyike mwenyewe, halafu akakutazama ukifanya kazi hiyo.

Mimi alikuwa ameniambia "Rudi" mara tano. Mara ya sita sikurudi. Mtu aliyetoka kwenye kibarua cha kukata katani mpaka kuwa na mashine yake harudi kwa mtu kuulizia sura yake.

Siku niliyowasha mashine kwa mara ya kwanza niliita watu. Nilichinja mbuzi, na nilimwita Mpishi apike, kwa sababu nilitaka isemwe kwamba Baba Wakesho alipikiwa na mpishi wa wazungu. Chakula kikaliwa, mashine ikanguruma, watu wakapiga makofi. Halafu kijana mmoja wa reli akamwuliza Mpishi, "Mzee, hebu sema, kwa yule mzungu siku yako ilianzaje?"

Mpishi alikuwa anapangusa mikono. "Ilianza na wale wa pichani," akasema. "Kabla maji ya chai hayajachemka nilikuwa nimeshawaosha wote kumi na mmoja. Beseni moja. Maji yale yale."

Watu wakacheka. "Hata nguruwe?"

"Hata nguruwe, na chini ya mabawa."

Nikaona sherehe yangu inamfuata yeye jikoni. Watu walikuwa wameipa mashine mgongo. Nikasimama. Nilikuwa nimeshiba, na nikishiba huwa naweka mikono juu ya tumbo; hilo sikulijua mpaka siku ile. Nikasema kwa sauti, "Mpishi, punguza uongo, wageni wangu watavimbiwa."

Alikuwa anapangusa kidole kimoja kimoja, na akamaliza mpaka kile kilichopinda.

"Umesema mimi mwongo?"

"Nimesema wanyama kumi na mmoja hawaingii beseni moja, hata beseni likiwa Ziwa Jipe."

Akanitazama. Nilikuwa nimengoja kutazamwa vile miaka na sasa sikutaka.

"Nimekuwa nikishindwa kukujua," akasema. "Sasa nimekuona. Wa nne kutoka kushoto."

Mimi sikuikariri ile picha, lakini wageni wangu waliijua kuliko amri kumi. Niliona midomo yao ikihesabu. Mmoja, wawili, watatu. Halafu macho yao yote yakashuka kwenye mikono yangu, na mikono yangu ilikuwa juu ya tumbo. Mwalimu wa kwaya ndiye aliyevunjika kwanza. Alicheka mpaka akashikwa mgongo.

Kuanzia siku ile watu hawakuja kwenye mashine ya Baba Wakesho. Walikuja kwa Chura. Watoto walichora chura kwa makaa kwenye ukuta wangu. Nikapaka chokaa, wakashukuru kwa kupewa ukuta safi. Wanangu shuleni waliitwa viluwiluwi. Sitadanganya, wateja waliongezeka, maana mtu anayepita na debe lake anapenda kuona chura anayesaga. Lakini si kwa jina hilo nilikuwa nimejenga.

Jumamosi iliyofuata Mpishi alileta mahindi kwa baiskeli kama kawaida. Nilisimama mlangoni. "Hapa hatusagi uongo," nikamwambia.

Hakubishana. Alifunga gunia lake upya, akaliweka sawa kwenye kiti cha nyuma, akanyoosha aproni. "Habari ya bwawa?" akauliza. "Lina maji?"

Akaenda kusaga kule stesheni, mbali mara mbili. Na kila Jumamosi, miaka kumi na miwili, alipita mbele ya mlango wangu na gunia, akapunguza mwendo, akaniamkia kwa adabu zote: "Habari ya bwawa? Lina maji?" Sikumjibu hata mara moja. Nilikuwa nikiisikia baiskeli yake kwenye kokoto nikajifanya natia mafuta mashine. Mke wangu alikuwa akicheka jikoni na kusema ni moshi umempalia. Mashine ilipata mafuta mengi sana miaka ile.

Nyumbani kwake niliapa sitakanyaga. Na yeye, nilisikia, alisema mlango wake hauna ufunguo, anayetaka kuja atakuja.

Sasa rudi kwa Wakesho. Mwaka ule tuliosaga mahindi ya manjano ya msaada, yale yenye harufu, alikuja kuniambia ana mtu. Nikauliza ni nani. Akasema Mwakio, fundi wa baiskeli. Nikauliza Mwakio wa nani. Akatazama chini.

Kumbe kijana huyu, mjukuu wa Mpishi, ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwita kiluwiluwi shuleni, na wakapigana, na kutokana na kupigana wakazoeana. Hivyo ndivyo vijana walivyo. Nikasema hapana. Wakesho hakulia. Alisema, "Sawa, Baba, nitangoja," kwa sauti ya mtu mwenye miaka mingi mbele kuliko mimi. Hiyo ndiyo iliyonitisha.

Wazee wa pande zote wakakutana, na kaka yangu mkubwa akaniletea jibu. Hawatashika kikombe cha posa mpaka mimi na Mpishi tumefanya kutasa. Huo ni utaratibu wetu: mnakaa, mnachukua funda la pombe ya miwa au la maji, mnalipuliza nje kwa mdomo, na mnasema hasira iliyokuwa moyoni itoke nalo. Lazima useme kweli. Ukipuliza huku moyo umefunga, ni afadhali usingepuliza, na anayeumia si wewe, ni mtoto.

"Na aje hapa," nikasema.

"Miguu yake imevimba, hatembei," kaka akasema. "Baiskeli ameshampa Mwakio."

Ndipo nilipokumbuka kwamba mashine haikutiwa mafuta Jumamosi nne.

Nilikataa wiki nzima. Jumapili mke wangu akaniwekea chakula na kukaa mbele yangu, jambo asilolifanya. "Baba Wakesho," akasema, "hiyo hasira yako umezaa nayo watoto wangapi? Mimi wa kike ninaye mmoja."

Nikavaa koti.

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha kamba, miguu juu ya debe, aproni imepigwa pasi. Picha ilikuwa pale pale. Niliingia nikiitazama sakafu ili yule wa nne asinione. Mkewe akaleta chai ya rangi kwenye birika na vikombe viwili, akatuacha, lakini nilimsikia amesimama nyuma ya pazia.

"Umekuja," Mpishi akasema.

"Nimekuja kwa ajili ya mtoto. Nasikia una hasira na mimi, uitoe."

"Mimi?" Akafikiri kweli kweli, kama mtu anayetafuta miwani. "Sidhani kama ninayo. Nilikuwa napita kwako kila Jumamosi kuitoa kidogo kidogo. Wewe ndiye ulikuwa hujibu."

"Nijibu nini? Umenifanya chura mbele ya watu."

"Na wewe ulinifanya mwongo. Tena nimevaa aproni."

"Lakini ulisema uongo, mzee." Nilikuwa nimeapa sitasema, nikasema. "Wanyama kumi na mmoja. Beseni moja."

Hakukasirika. Alinyoosha mkono. "Nishushie hiyo picha. Mimi siwezi kusimama."

Niliishusha. Ilikuwa mara ya kwanza kuishika, na ilikuwa nyepesi. Akaiweka mapajani, akaipangusa kwa pindo la aproni, akanionyesha pembeni kulia, penye madoa.

"Hawa wanne ni nini?"

"Watu wanasema nyoka."

"Wewe unasema nini? Una macho."

Nikainama. Wa chini alikuwa amejikunja. Mpishi aliweka mkono wake wa kulia juu ya kioo, kando ya wale wanne, akashika ukingo wa fremu kama mtu anayeshika shuka isianguke. Vidole vinne. Cha mwisho kimepinda ndani kama ndoano.

Niliona, na nikaendelea kuona.

"Mzungu alitaka dada yake huko kwao, aliyemtumia vitu hivi, ajue vimefika bila kuvunjika," akasema. "Alikuwa na kamera ya miguu mitatu. Msumari wa upande huu ulikuwa umeng'oka, akaniambia nishike kitambaa na nisitingishike. Nilitingishika kidogo. Ndiyo maana hawa wanne hawana sura nzuri."

Lakini mimi nilikuwa natazama kitu kingine. Nilitazama vidole, halafu nikatazama chura. Nikarudi kwa vidole. Yule chura, ambaye nilikuwa nimemkasirikia miaka kumi na miwili nikimdhania ni mkubwa kama ndama, alikuwa sawa na ndimu. Ungemfunika kwa kiganja. Nguruwe na mabawa yake angekaa kwenye kikombe changu cha chai. Ndege mwenye upara, mkubwa wao, hakufika urefu wa birika. Vilikuwa vipambo vya kabati. Voi nzima tulikuwa tumeogopa na kujivunia vipambo vya kabati, kwa sababu kila aliyeingia alitafuta uso wake na hakuna aliyeuliza ni mkono wa nani.

"Beseni gani?" nikauliza.

"La kunawia mikono. Tena ilibaki nafasi."

Nyuma ya pazia mkewe alikohoa, na hakikuwa kikohozi.

"Ungeniambia siku ile," nikasema.

"Ningekuambia. Nilitaka kukuambia. Halafu nikaona umeshika tumbo." Akafumba macho kama anayenusa sufuria. "Ilikuwa tamu sana, Baba Wakesho. Hiyo ndiyo hasira yangu, kama unataka niitoe. Si hasira, ni utamu. Lakini nadhani inahesabika."

Hakukuwa na pombe. Yeye ni mtu wa kanisa, hakunywa. Tulitumia chai. Nilichukua funda, nikasema moyoni kwanza halafu kwa mdomo kwamba nilimwita mwongo mtu asiyesema uongo, kwamba wivu ulikuwa wangu, na kwamba niliona haya kuwa mdogo siku ya mashine yangu mwenyewe. Nikapuliza kuelekea mlangoni. Yeye akachukua funda lake, akasema alijua na akanyamaza kwa sababu ilimfurahisha, na kwamba alizunguka stesheni na gunia ili nimwone. Akapuliza. Pumzi yake ilikuwa imepungua. Nusu ya chai iliangukia picha. Akaipangusa taratibu, kuanzia wa nne kutoka kushoto.

"Huyu," akasema, "ndiye niliyekuwa nikimwosha kwa mikono miwili. Mzungu alisema nikimvunja huyu nifungashe virago. Wengine wote niliwaosha nikipiga mluzi."

Sijui kama alisema hivyo ili nifurahi. Lakini nilikuwa nimetoka tu kutema neno mwongo mlangoni kwake, na sikuweza kwenda kuliokota.

Arusi ilifanyika baada ya mvua. Mpishi hakupika, ila aliletwa kwa mkokoteni wa Mwakio, akawekwa karibu na masufuria, ananusa tu na kutoa amri. Picha aliwapa bibi na bwana arusi, nayo ilikuwa imeegemezwa mezani katikati ya zawadi, na watu walikuwa wakiipitia kusalimia jamaa zao. Nilipokuja kumwamkia alininyooshea ule mkono. Watu waliokuwa karibu waliacha kutafuna, maana wote waliijua ile salamu na wote walijua sijawahi kuijibu.

"Habari ya bwawa?" akasema. "Lina maji?"

Nikaweka mikono yangu juu ya tumbo, mahali pake.

"Limejaa," nikamwambia. "Leta beseni."